Kinanda Hakinuni

Jumatatu, 3 Machi

Besi yangu haina sura. Ndivyo alivyosema. Ujumbe wa sauti, ameurekodi akiwa garini, taa ya kugeukia inasikika nyuma yake — tik, tik, tik. Hata hiyo tik-tik imenyooka kuliko mimi. Nadhani ndivyo alivyotaka nielewe.

Nyimbo zote sita amezirudisha. Eti ni mvumo tu, kama lori limeegeshwa nje halijazimwa. Noti zipo, anasema, ila sauti hazina. Nirudie zote.

Bendi nzima inamwita Kiongozi. Na mimi pia, tangu alipohama. Zamani nilikuwa na jina langu la kumwita, la humu ndani. Nimelifungia kabatini pamoja na mashati aliyoyasahau. Yeye naye siku hizi ananiita Besi. "Besi, sikiliza." Kama anaita chombo.

Albamu hii kila mtu anarekodi kwake. Yeye ndiye aliyeamua. Sababu aliyowapa wenzetu ni kuokoa muda. Sababu yenyewe ni kwamba hawezi kukaa na mimi chumba kimoja, na mke wake mpya hataki ajaribu. Kwa hiyo yeye anapiga gitaa na kuimba huko kwao, mpiga ngoma wetu anapiga kwake, na mimi nipo hapa na gitaa langu la besi, kati ya kitanda na kabati, nikibonyeza kompyuta kwa kidole gumba cha mguu.

Mwisho wa ujumbe: mwisho wa mwezi besi isipokaa sawa, ataipiga mwenyewe kwa kinanda. "Kinanda hakinuni," akasema. Akacheka kidogo.

Mama akauliza toka chumbani kwake, ni nani huyo anayeongea.

"Mwanao."

"Anasemaje?"

"Anakusalimia, Mama."

Hakusalimia.

Huyu Mama ni mama yake yeye, si wangu. Alipohama alibeba magitaa, spika kubwa, televisheni na kile kiti cha kuzunguka. Akamwacha Mama. Nyumba mpya haina chumba cha ziada, alisema, akipata kubwa zaidi atamfuata. Tukabaki wawili, mkwe na mkwe, kama vyombo vilivyobaki mnadani jioni.

Jumatano, 5 Machi

Nimesikiliza zote sita kwa hedfoni. Nilikuwa namtafutia kosa. Sikulipata. Ni kweli hazina sura! Hilo ndilo linaloniuma zaidi — mtu aliyekukosea kwa yote mengine, halafu kwenye hili awe na haki.

Peke yake besi yangu ni tamu. Nene, ya mviringo, unataka kuilalia. Nikiiwekea ngoma na gitaa, inatoweka. Unabaki uzito tu chini ya wimbo, hujui ni noti gani.

Nyuzi zimekufa. Nikijaribu kukumbuka nilizibadilisha lini, nakumbuka alizinunua yeye. Kwa hiyo ni zamani. Uzi mzima unaimba baada ya kuupiga. Wangu unasema "bu" na kunyamaza kama mtoto aliyekemewa.

Leo nikitoka kazini nimepitia duka la vyombo vya muziki nikanunua mpya. Muuzaji akauliza ni zawadi ya mume? Nikamwambia ndiyo, anapenda sana muziki.

Nimezifunga. Mara zimekuwa kelele — kila noti inalia kama kijiko kwenye sufuria, kila kidole kikiteleza kinasikika. Na vidole vyenyewe vimelainika. Dukani kwetu kutwa nzima nasaga lenzi za miwani, mikono kwenye maji, ngozi haipati kukomaa.

Halafu ile amplifaya, spika ya gitaa langu. Nimeiweka konani kwa sababu ndipo palipo na nafasi. Kona inavimbisha sauti nzito. Nilipoivuta hadi katikati ya chumba, nusu ya ule mvumo ilikufa palepale. Miezi yote hii nilikuwa narekodi kona ya nyumba.

Sasa kulala napanda kitandani kwa kuruka amplifaya. Sawa. Hakuna wa kugombana naye njia.

Ijumaa, 7 Machi

Mvumo umerudi! Si ule wa kona. Mwembamba, mfululizo, kama nyuki kwenye chupa. Nikagusa nyuzi kwa kiganja ukapungua. Nikaachia, ukarudi. Nikachomoa friji. Nikazima taa zote. Bado upo.

Chini yetu kuna karakana ya kuchomelea mageti. Nikashuka. Fundi kavua kile kinyago chake cha kioo cheusi, kanitazama. Nikamweleza kwamba mashine yake ikiwaka inaingia kwenye gitaa langu kupitia umeme.

Akafikiri. Kisha: "Dada, kwa hiyo na mimi nimo kwenye albamu?"

Sikutaka kucheka ila nilicheka. Tumekubaliana: Jumamosi na Jumapili mchana ataniachia kimya, akiwa na kazi nyingine ya kupaka rangi. Na waya wangu wa ukutani amekuja kuutazama mwenyewe — ule wa ardhini umekatika, ulikuwa unaning'inia tu ndani ya soketi. Ameuunga. Nusu ya nyuki wamekwenda.

Kiongozi alikaa nyumba hii miaka yote ile akilalamika juu ya huo mvumo. Alisema ni gitaa langu.

Jumapili, 9 Machi

Kobe amekuja. Ndiye mpiga ngoma wetu. Tunamwita Kobe kwa sababu hajawahi kuharakisha wimbo maishani mwake, wala ngazi. Alifika anahema, akakaa kitandani maana kiti hakuna, akaniambia nipige.

Nikapiga. Akatikisa kichwa.

"Unapiga kama unaomba radhi," akasema.

Nikamwuliza maana yake nini. Akasema napiga huku chini karibu na shingo ambapo uzi ni laini, toni nimeizima, sauti nyembamba nimezikata zote. Najifunika. "Halafu ukiogopa husikiki, unapiga kwa nguvu. Nguvu inakoroga tu. Tuliza mkono, acha umeme ufanye kazi yake. Sogea huku karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia."

Nikasogea. Sauti ikawa ngumu, ya puani.

"Mbaya," nikasema.

"Mbaya ukiwa peke yako. Nani anasikiliza besi peke yake?"

Akanitaka nipunguze sauti nzito badala ya kuziongeza — hizo ngoma yake kubwa inazo tayari, tunagombania kiti kimoja — na nipandishe za katikati. Na nisirekebishe kitu bila ngoma kuwa inalia. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia haya zamani. Akatazama viatu vyake.

"Zamani Kiongozi ndiye aliyekuwa anakupangia sauti. Alitaka gitaa lipite juu. Ungekubali kubishana naye?"

Kobe naye alikuwa na jambo jingine mdomoni, nililiona. Akalimeza na chai, akashuka ngazi polepole.

Jumanne, 11 Machi

Nimejaribu mapema kabla ya kazi, wakati chini hakujaanza kuchomelewa. Karibu na daraja, mkono mtulivu. Kitu kibaya sana kusikiliza. Kama paka anakwaruza mlango. Nikaweka ngoma za Kobe. Nikaweka gitaa la yule bwana.

Ikakaa.

Sijui nilieleze vipi. Kila noti ina mwanzo na mwisho. Mguu wa Kobe kwenye ngoma kubwa na kidole changu vinatua pamoja. Na gitaa lake — mara ya kwanza nimesikia kumbe analegea kwenye kila mzunguko wa pili. Besi yangu ilikuwa inamfunika. Bendi nzima ilikuwa inamsifu kwa kupiga sawasawa, kumbe amelala juu ya godoro langu.

Mama akagonga ukuta kwa fimbo. Nikadhani kelele inamsumbua. Nikaenda. Kakaa kitandani, kiganja juu ya ubao wa kichwani.

Masikio ya Mama yanakwisha. Sauti nyembamba hazipati kabisa, simu ikilia haisikii. Besi anaisikia — kwa kitanda, anasema, kwa mbavu.

"Leo umesema kitu," akaniambia. "Siku zote ulikuwa unanguruma tu, nikawa nafikiri una hasira."

"Nina hasira, Mama."

"Eee? Rudia hilo, sikusikia."

Nikamwambia hakuna kitu. Nikachelewa kazini.

Jumamosi, 15 Machi

Zimekwisha zote sita. Fundi wa mageti aliheshimu neno lake, chini palikuwa kimya, rangi tu inanuka mpaka huku juu.

Nimerekodi njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza, moja kwa moja kutoka kwenye gitaa hadi kisanduku cha kurekodia, safi, kavu. Nyingine kwa maikrofoni mbele ya amplifaya, pembeni kidogo ya katikati ya spika. Mwanzo nilipozichanganya zikawa nyembamba kuliko moja peke yake. Nusura nilie. Kumbe ile ya maikrofoni inachelewa kidogo, sauti inasafiri hewani, basi zinapigana. Nikaivuta hadi mawimbi yakalingana kwenye kioo cha kompyuta. Zikashikana mikono.

Na sikuipandisha sana wakati wa kurekodi. Zamani nilikuwa naijaza mpaka taa nyekundu. Nani alinifundisha kwamba lazima ijae? Simtaji.

Nilipomaliza nilikaa sakafuni mgongo ukiegemea amplifaya ikiwa bado ya moto. Sijafurahi hivi muda mrefu. Furaha ya kijinga, ya mtu aliyepata mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Nikamtumia Kiongozi. Jibu: kidole gumba. Hiki kidole cha kwenye simu, cha njano. Nyimbo sita, kidole kimoja.

Kisha ujumbe wa pili. Kuna wimbo wa saba, umeongezeka. Gitaa na ngoma tu, maneno bado. Niweke besi kwa haraka.

Asante ya punda — mateke. Hata hayo mateke, angeniandikia walau mstari mmoja.

Jumapili, 16 Machi

Wimbo wa saba ni wa polepole. Gitaa lake safari hii halijidai. Ni zuri. Naandika hapa kwa sababu sitalisema popote: huyu mtu akitulia anapiga vizuri sana, ndiyo sababu niliolewa naye.

Nikaona ule mpigo mkali haufai hapa. Nikakata kipande cha sifongo cha kuoshea vyombo, nikakisukuma chini ya nyuzi karibu na daraja, noti zisiendelee kulia. Nikapiga kwa kidole gumba, kiganja kikiwa kimelala juu. Sauti ikawa fupi na ya joto, kama mtu anayetembea peku ndani ya nyumba ya wengine waliolala.

Sikupanga cha kupiga. Sehemu ya mwanzo nilikaa chini, noti chache. Gitaa linapopanda, mimi nashuka. Mwishoni kuna pahala kila mtu anategemea nirudi nyumbani kwenye noti ya kwanza — sikurudi. Nilikawia kwenye ile ya juu yake, kisha nikashuka taratibu. Mara ya kwanza ilitoka kwa bahati. Mara ya pili nilijua ninachokifanya.

Mama aliingia akijishikilia ukutani. Akaomba akae karibu. Nikampa mto, nikampa na amplifaya yenyewe aweke mkono. Alifumba macho mpaka mwisho.

"Huyu anayeimba hapa amempoteza nani?"

"Hakuna anayeimba bado, Mama. Ni besi."

"Ndiye huyo niliyemwuliza."

Nikamtumia Kiongozi sauti ya kusikiliza tu, imechanganywa. Si ile safi.

Alhamisi, 20 Machi

Amenipigia. Si ujumbe — amepiga, kwa mdomo wake, nikiwa kazini. Nikatoka nyuma ya duka na mikono inachuruzika maji.

Akaniita kwa jina langu. Akasema hiyo ndiyo besi aliyokuwa anaitafuta siku zote, hajui nimefanyaje, amesikiliza gari likiwa limeegeshwa hadi betri ikakaribia kuisha.

Nami nikafurahi. Nikafurahi, pale nyuma ya duka, kando ya mapipa ya taka! Moyo ukaruka kama wa msichana. Aibu yake naiandika ili nikumbuke.

Akataka faili zile safi, ya waya na ya maikrofoni, kila moja peke yake, azichanganye mwenyewe. Nikasema sawa. Nilikuwa karibu kumwambia kuhusu sifongo.

Halafu akasema: "Na jambo jingine. Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi nitapita kumchukua Mama. Tumehamia nyumba kubwa. Chumba kipo sasa."

Nikauliza kwa nini sasa.

"Tunahitaji mtu nyumbani. Mwenzangu anakaribia kujifungua."

Tunahitaji mtu. Mama hamsikii vizuri mtu aliye chumba hichohicho, anatembea kwa kushika ukuta — ndiye wa kulea mtoto mchanga? Au ni kwa sababu wageni watakuja kuona mtoto, na watauliza bibi yuko wapi?

Sikusema hata moja ya hayo. Nilisema, "Mwenyewe anajua?"

"Mwambie wewe, simu yake hapokei."

Nikarudi ndani nikasaga lenzi ya mteja upande uliokosewa. Mwenye duka kanitazama tu. Kanitazama kwa namna ya mtu anayehesabu.

Jumamosi, 22 Machi

Kobe tena. Safari hii alikuja na lile neno alilolimeza. Wimbo wa saba, akasema, una maneno tangu zamani. Kiongozi hakutaka niyasikie kabla sijapiga. Jana amewatumia wenzetu ukiwa umeimbwa juu ya ile sauti niliyomtumia.

"Nikusikilizishe, au niufute tuondoke kwenye hilo?"

Nikamwambia weka.

Kaimba vizuri. Ni wimbo wa yule mke mpya na mtoto anayekuja. Kiitikio kinasema kabla yako nilikuwa mgeni kila mlango, kabla yako sikuwa na kwangu.

Sikuwa na kwangu. Na chini ya maneno hayo — nani? Mimi. Natembea peku, kwa kidole gumba, kwa sifongo la kuoshea vyombo vyangu. Mahali anapofika kwenye neno "kwangu" ndipo pale pale niliposhindwa kurudi nyumbani, nikakawia. Amelipanga neno lake juu ya kukawia kwangu. Kama amejenga baraza juu ya kisima cha mtu.

Na kinachoua zaidi, ni wimbo mzuri. Ni wimbo mzuri kuliko yote tuliyowahi kupiga. Besi inasikika kila noti.

"Usimpe faili," Kobe akasema. "Ile aliyo nayo haifai kutoa albamu, imebanwa, imechanganywa na kila kitu."

"Nisipompa atapiga kinanda."

"Na apige."

Kirahisi hivyo. Kobe ana ngoma zake kwenye nyimbo zote saba.

Nikamwuliza alijua tangu lini. Akasema, tangu ile siku ya kwanza alipokuja. Nikamwuliza aliona ni vizuri aniache nipige hivyo, nikiwa sijui?

"Niliona ungepiga vibaya ukijua," akasema. "Na ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kusikika."

Nikamwomba aende. Hakubisha. Rafiki naye ana ngoma zake za kulinda.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia Mama. Nilikaa mbele yake aone midomo yangu. Nikasema mwanao ana nyumba kubwa sasa, mkewe anakaribia kujifungua, anakuja kukuchukua Jumamosi.

Akakunja khanga yake magotini, akaikunjua.

"Ameniuliza?"

"Hapana, Mama. Ametaarifu." Nilisema kwa sauti ya juu, na kwa raha fulani. Nilikuwa nimeingoja hiyo sentensi tangu Alhamisi. Nikaendelea: alikuacha hapa kama kabati, leo ana shida ndiyo anakumbuka, hawezi hata kupanda ngazi akakwambia. Nikamwambia huendi popote, hapa ndipo kwako, nitamjibu mimi.

Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, taratibu kabisa:

"Na wewe, umeniuliza?"

Nikainuka.

"Nyote wawili mnanigawana," akasema. "Yeye anataka mtu wa kukaa na mtoto. Wewe unataka mtu wa kumnyima." Akanishika mkono ili nisiondoke. "Sisemi hunipendi, mwanangu. Nasema hujaniuliza."

"Basi nakuuliza. Unataka nini?"

"Usiniulize ukiwa umekasirika. Nitalisikia swali, jibu langu wewe hutalisikia."

Akaomba chai. Nikamtengenezea. Tukanywa. Ana mjukuu anayekuja, wa kwanza. Mimi sikumpa. Hakuwahi kunisema kwa hilo hata siku moja, na leo pia hakunisema, lakini lilikuwa limekaa pale mezani na vikombe.

Jumanne, 25 Machi

Ujumbe wa Kiongozi, asubuhi: faili ziko wapi? Mchana: unanifanyia makusudi? Jioni hakutuma maneno. Katuma wimbo.

Amepiga besi yangu kwa kinanda. Noti kwa noti. Amekaa na masikio yake akazitoa zote, hata kule kukawia kwa mwishoni, sekunde kwa sekunde. Nimesikiliza nimesimama jikoni.

Hamna kitu! Zipo zote na hamna kitu. Kila noti ina uzito uleule, kama mayai kwenye trei. Pale mahali pa kukawia, kinanda hakikawii — kinachelewa.

Nilicheka peke yangu. Kicheko kibaya, sikukipenda.

Baada ya muda maneno yakafuata: Nimejaribu. Haina uhai. Tafadhali.

Tafadhali. Tangu aondoke sijalisikia neno hilo kwake. Tangu kabla hajaondoka.

Alisema kinanda hakinuni. Kumbe ndiyo shida yake.

Ijumaa, 28 Machi

Mama amefua nguo zake zote, kwa mkono, amekataa nimsaidie. Zimeanikwa kibarazani. Mtu anaweza kufua nguo kwa sababu anasafiri. Anaweza kufua kwa sababu ni chafu. Sijauliza. Safari hii nimejizuia kwa nguvu zote.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika jikoni, kalamu inakimbia. Kiongozi yuko hapa. Yaani alikuwa hapa, ameshuka mara moja kuzungumza na mkewe garini. Atapanda tena.

Alifika mchana akiwa amenenepa, anahema kwa ngazi. Kasimama mlangoni kama mgeni, nami nikamkaribisha kama mgeni. Kabla hajauliza Mama yuko wapi, aliuliza, "Zile faili?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya wiki nzima. Makali, yamepangwa. Nikamfungulia kompyuta.

Niseme ukweli hapa ambapo hakuna wa kuniona: nataka isikike. Ni kitu bora nilichowahi kupiga. Nikimnyima, kitabaki kwenye kompyuta hii kati ya kitanda na kabati, nami nitakuwa nimeshinda. Kinanda kitaingia kwenye albamu, na mimi nitabaki na ushindi wangu.

"Andika jina langu," nikamwambia. "Si Besi. Jina langu."

"Kila mtu anajua ni wewe."

"Andika."

Akasema sawa, huku akitazama faili zinavyonakiliwa. Akachomoa kile kifaa chake cha kuhifadhia faili akakitia mfuko wa shati, akaupigapiga mfuko. Akaonekana mwepesi. Ndipo akasema, "Haya, Mama yuko tayari?"

Akaingia chumbani kwa Mama. Akafunga mlango. Sauti yake niliisikia ukutani, ya juu, kama anavyoongea na watu wasiosikia — chumba kizuri, dirisha, mtoto, daktari yuko karibu. Ya Mama sikuisikia. Mama anaongea chini. Yeye anaongea, ananyamaza, anaongea zaidi.

Alipotoka uso ulikuwa umebadilika.

"Umemwambia nini Mama?"

"Sijamwambia kitu."

"Anauliza kama mke wangu amekubali. Anataka asikie kutoka kwa mke mwenyewe. Anasema apande."

"Basi apande."

"Kwenye nyumba hii?" Akatazama chumba changu, amplifaya katikati, nyaya sakafuni. "Hawezi kupanda. Ana tumbo kubwa, na..." Hakumaliza. Honi ikalia chini. Tukaisikia sote wawili, akashuka.

Nimechungulia dirishani. Gari liko mbele ya karakana. Kainama kwenye kioo cha mlango, anaeleza kwa mikono. Mlango wa mkewe haujafunguka. Fundi wa mageti amesimamisha kazi, kinyago juu ya paji la uso, anatazama.

Sasa Mama ananiita. Nimeenda hadi mlangoni. Amekaa ukingoni mwa kitanda, nywele amezichana, begi liko karibu na miguu yake, limefungwa. Kiatu kimoja kiko mguuni. Kingine amekishika mkononi.

"Njoo unisaidie," anasema.

Nimemwambia nakuja, nikarudi hapa kwanza. Sijui ananiita nimvishe hiki cha pili au nimvue kile cha kwanza. Na nikimwuliza, lazima niulize vizuri.

Nasikia mlango wa gari ukifungwa. Viatu vinapanda ngazi, ila sitambui kama ni mtu mmoja au wawili. Naweka kalamu, naenda kumwuliza Mama.